Regyuleta za Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetimiza miezi minne tangu nitoke kwetu Kentucky. Nilimuaga mke wangu Opal nikamwambia nakwenda Florida kujifunza ufundi wa watu wanaozamia kwenye mapango ya maji. Mpaka asubuhi ya leo ufundi wenyewe ulikuwa kushusha mitungi ya hewa kwenye lori na kuipandisha tena. Mgongo umekwisha. Nikiinama kufunga viatu, naomba Mungu nisisahau kitu kingine huko chini.

Lakini leo jua limetoka upande wangu. Fundi wa duka, Bwana Pruitt, amekwenda kuwekewa nyonga mpya, ya pili, na mkewe amesema harudi tena. Kiti chake kiko wazi. Bi Trudy, mwenye duka, akatuita mimi na Lupe Arriaga nyuma, kwenye meza ya ufundi. Akasema kuna klabu kutoka Georgia inakuja Jumamosi, na regyuleta zao zimeshaletwa kwa sevisi. Mzamiaji wa mapangoni hubeba mitungi miwili, mmoja kila ubavu, na kila mtungi una regyuleta yake, ili moja ikigoma avute pumzi kwenye nyingine. Lupe afanye zote za kulia. Mimi nifanye zote za kushoto. Atakayemridhisha atakalia kiti. Mwingine atabeba mitungi.

Lupe ana cheti cha kozi. Mimi nina miaka ishirini ya breki za hewa kwenye malori ya makaa ya mawe. Nilimkumbusha Bi Trudy hilo, na pia kwamba nimekaa nyuma ya Pruitt miezi yote hii nikimtazama. Sikumkumbusha kwamba mara nyingi nilikuwa nimeshika taa.

Nimempigia Opal. Nimemwambia aanze kuniita fundi. Amesema ataanza nikifika.

Jumanne, 5 Machi

Siku njema. Nimemaliza tano, Lupe moja na nusu.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Regyuleta ina kichwa kinachofungwa kwenye mtungi, kinachoshusha nguvu ya hewa. Halafu kuna mpira mrefu, na mwishoni kikombe cha kuweka mdomoni. Unafungua, unatoa oringi za zamani, vile vipete vya mpira vya kuzuia hewa isivuje, unasafisha, unaweka mpya, unafunga. Oringi za zamani hung'ang'ania, basi mimi nazing'oa kwa msumari. Lupe ana kijiti cha plastiki. Aliuona msumari akashika kichwa. Akaniambia mzee, huo utachubua chuma, na chuma kikichubuka humo ndani hewa itapata njia. Nikamjibu kwamba chuma nilikijua kabla mama yake hajamjua baba yake. Akasema baba yake alikuwa mchuma nyanya kule Immokalee na hata yeye asingechokonoa kitu cha kupumulia kwa msumari.

Anachelewa kwa sababu anapenda kutazama. Akimaliza moja anaifunga kwenye mtungi, anaweka geji ya kupimia nguvu ya hewa, anabonyeza kitufe hewa itoke, anaangalia sindano. Anabonyeza tena, anaangalia tena. Anakwenda kula, anarudi, anaangalia. Nilimuuliza kama kwenye hiyo geji wanaonyesha mpira. Akasema sindano ikitulia na yeye atatulia.

Zimenibaki oringi mbili mezani. Pruitt akibakiza kitu alikuwa anafungua upya yote. Mimi nikaona ni wazi kwamba kiwanda huweka za akiba.

Jumatano, 6 Machi

Pana mlio. Tatu kati ya zangu zinatoa sauti kama paka aliyekanyagwa mkia kwa mbali. Hewa inavuja kwenye kikombe wakati hakuna anayevuta.

Kwenye malori mlio mdogo ni afya. Lori lisilolia ndilo linalokuua kwenye mteremko. Lakini Lupe kaja na geji yake, hakuitwa. Akaifunga kwenye moja ya zangu. Sindano ikapanda kidogo, ikapanda tena, kama mtu anayeiba hatua. Akasema ndiyo hiyo, sindano inayotambaa. Kichwa hakizibi. Hewa inajipenyeza kwenye mpira mpaka kikombe kinashindwa kuizuia. Nifungue kichwa, niangalie ukingo pale panapokaa kizibo, nitakuta mchubuko.

Nikamwambia hewa inatokea mdomoni, kwa hiyo ugonjwa uko mdomoni. Mtoto akitoka udenda unamfuta mdomo, humpasui tumbo. Akasema, "Mzee, hii si lori. Lori likikosa hewa linasimama. Mtu akikosa hewa huko chini hasimami." Akarudi kwenye kiti chake, yaani cha Pruitt, yaani changu.

Alipotoka, nikakaza springi ya kikombe. Kimya. Zote tatu. Nimekaa nikizitazama kama mtu aliyepata watoto watatu kwa mpigo. Yeye na cheti chake angefungua, angesafisha, angebadilisha, angetazama sindano mpaka Jumapili. Mimi nimetumia bisibisi moja.

Baadaye mlio ulirudi kidogo. Nikakaza tena. Halafu zile nyingine nazo zikaanza, nadhani kwa kuigana. Nikakaza zote.

Nikajaribu kuvuta pumzi. Inakuja, ila inataka kuombwa. Ni kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Macho yalitoa machozi kidogo. Lakini kitu chepesi ni kitu cha bei rahisi, kila mtu anajua. Mlango wa benki ni mzito.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Trudy anapenda kupita akisikiliza. Ana masikio ya mbwa wa kuwinda, ingawa ana umri wa mama yangu. Basi kila nikisikia viatu vyake nawasha kompresa ya kujazia mitungi. Kompresa ile inanguruma mpaka karanga zinaruka kwenye bakuli. Amepita mara nyingi leo. Mitungi yote ya duka imejaa, hata ile mibovu iliyotengwa. Mwishowe akaniuliza kwa kupiga kelele ninajaza nini. Nikamjibu kwa kupiga kelele kwamba najiandaa na Georgia. Akanipiga bega. Amependa bidii yangu.

Lupe alivaa viziba masikio akaendelea kutazama sindano yake.

Mchana tulikula kambare wa kukaanga. Lupe alinipa kipande chake cha mkia, akasema jioni tunaweza kufungua vichwa vyangu pamoja, yeye na mimi, na Bi Trudy hana haja ya kujua. Nikamshukuru, nikakataa. Mtu anayekaribia kushindwa ndiye anayetaka kushirikiana. Nilimwonea huruma kidogo. Kipande cha mkia nilikula.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya ukaguzi. Nilijua Bi Trudy atataka kuvuta pumzi mwenyewe kwenye moja ya kila upande. Za Lupe zina utepe mwekundu, zangu kijani. Wakati Lupe amekwenda kupokea mzigo, nilichukua moja ya zake, nikabandua mwekundu, nikabandika wa kijani, nikaiweka juu kabisa kwenye rundo langu, kama tunda la kumshawishi mnunuzi.

Bi Trudy akaja. Akanyoosha mkono, akachukua ileile. Akavuta. Akafumba macho. Akasema, "Virgil, hii imelainika kama asubuhi." Kisha akachukua moja ya Lupe, akavuta, akasema nayo ni hivyohivyo. Nikajiambia: hivyohivyo. Yaani mtu wa msumari na mtu wa cheti tuko bega kwa bega.

Nilipokea sifa kiroho safi. Regyuleta imetengenezwa dukani, duka ni letu sote. Alipoondoka nikarudisha utepe mwekundu, kwa sababu mimi si mwizi.

Akasema jibu la kiti atalitoa Jumapili, baada ya kuwasikia Georgia wenyewe. Basi mambo yote yako kwao. Nimenyoa. Nimepiga pasi shati.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haya kwa herufi kubwa kwa furaha, na pia kwa vidole vilivyochoshwa na mitungi.

Klabu ilifika na ukungu ungali juu ya chemchemi, pale ulipo mlango wa pango. Wazee watupu, watu wa Valdosta, wamezamia pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kiongozi wao ni Bwana Thaddeus Boatwright, zamani alikuwa fundi wa meno. Amekuwa mteja wa Bi Trudy miaka thelathini. Nilimfungia regyuleta ya kushoto kwa mikono yangu mwenyewe. Alijaribu pale juu, akavuta mara mbili, akaniangalia, akaangalia jina la duka ukutani, akatikisa kichwa kukubali. Heshima ya namna hiyo haisemwi kwa maneno.

Wakaingia wawili wawili. Nikakaa kwenye ngazi za mbao na karanga zangu za kuchemsha, nikijua nina muda mrefu wa kusubiri.

Sikusubiri. Karanga hazijaisha, wawili wa kwanza wakaibuka. Halafu wawili wengine. Halafu Bwana Boatwright na mwenzake. Wote wamerudi mapema, wamevua, wamekaa nyuma ya magari yao.

Hapa kwa wazamiaji wa mapango kuna sheria moja iliyo juu ya zote. Mtu yeyote anaweza kukatisha safari wakati wowote, kwa sababu yoyote, na mwenzake anageuka naye bila kinyongo. Na hakuna anayemuuliza kwa nini. Si ndani ya maji, si juu, si kesho yake. Ukimuuliza umemvunjia heshima, na siku nyingine ataona haya kugeuka wakati inampasa ageuke. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Walikula mikate yao. Walisifu maji, wakasema ni maangavu sana mwaka huu.

Mimi pia sikuuliza. Nimeiva katika mila zao. Sikuhitaji kuuliza: mtu akipewa chakula kizuri hushiba haraka.

Nilipita nikikusanya vifaa nikawa nauliza tu, regyuleta ziko sawa? Kila mmoja akasema ziko sawa kabisa, kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni. Mmoja aliongeza kwamba yeye ndiye hayuko sawa, ameacha mazoezi. Nikamtia moyo.

Na sikiliza hili. Za Lupe zimerudi na alama za meno kwenye mpira wa mdomo, zimetafunwa kama mfupa. Zangu zimerudi kama mpya, hata mkwaruzo hazina. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi na kazi.

Kabla sijaondoka, Bwana Boatwright akaniita kwenye gari lake. Akanipa karanga. Akaniuliza kama namjua kijana yeyote anayetaka kununua vifaa vyake, vyote, hata tochi. Akasema leo ndiyo ya mwisho. Alisema bila kulia, lakini ganda la karanga lilimshinda kufungua. Nikaona sawa. Mtu akishapumua regyuleta ya Virgil Slone atafute nini tena. Nikamwambia anafanya vizuri kuacha akiwa kileleni. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema ahsante, kaka.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya kiti.

Asubuhi klabu ilikuwa inafungasha kurudi Georgia. Lupe alikuwa anasuuza vifaa. Nikamwona amesimama na moja ya zangu mkononi. Anaugeuza mpira wa mdomo. Ananusa. Kisha akaifunga kwenye mtungi, akaiweka mdomoni, akavuta. Macho yakamtoka. Akaitoa, akaangalia utepe wa kijani, akavuta nyingine. Macho tena.

Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Boatwright, maji yanamchuruzika mikononi. Nikamfuata haraka kumzuia asivunje mila. Nilimsikia akisema, "Babu, sikuulizi kwa nini uligeuka. Hilo ni lako. Nakuuliza kitu kingine. Ulivuta ya kushoto?"

Mzee akasema alivuta. Akasema basi kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, atasema mwenyewe. Huko chini alipobadilisha, kama wafanyavyo ili mitungi iishe sawasawa, akaweka ya kushoto, kifua kilikataa. Alikuwa kama mtu aliyekaliwa na ng'ombe. Akarudi kwenye ya kulia, akapata nafuu, lakini akajua ni moyo. Baba yake alikufa kwa moyo kwenye umri huohuo. Usiku aliagana na maji akiwa kitandani, hakumwambia hata mkewe.

Mwenzake aliyekuwa anafunga kamba za mizigo akaacha kamba. Akasema, "Thad, mimi nilidhani ni mapafu yangu. Sigara za zamani." Wa gari la pili akasema yeye alidhani ni kitambi. Mwingine alikuwa ameshapanga kwenda kwa daktari Jumatatu. Wote, kila mmoja kwa ugonjwa wake, na kila mmoja alimshukuru mwenzake kwa kugeuka mapema, na hakuna aliyesema.

Wakageuka wote kuniangalia. Shati langu bado lilikuwa na mistari ya pasi.

Bi Trudy akatukusanya mezani. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akanipa spana akasema fungua. Nikafungua kichwa cha kwanza. Lupe akawasha taa. Ukingoni, pale panapokaa kizibo, pana mstari mwembamba unaong'aa. Cha pili, mstari. Cha tatu, mstari. Lupe akaeleza taratibu, sasa kila mtu amesimama anasikiliza: hewa inapita kwenye mchubuko, sindano inatambaa, kikombe kinavuja. Ukikaza springi unauficha mlio, lakini unamkaba anayevuta. Juu anavumilia. Chini hewa imekuwa nzito, hawezi.

Bi Trudy akaniuliza nilikaza mara ngapi. Nikamwambia mpaka ziliponyamaza. Akauliza iweje Ijumaa yeye alivuta ya kijani ikawa laini. Nikamwambia kuhusu utepe. Sikuona njia ya kuzunguka.

Akasema kama mila ya hawa wazee isingekuwa ya kubeba mbili, leo angekuwa anazungumza na wajane. Nilitazama viatu vyangu.

Ndipo Bwana Boatwright akaanza kucheka. Kucheka kwa mabega, machozi yanashuka. Akanishika, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Akasema, "Mungu aibariki mikono yako mibovu, kaka. Sina moyo mbaya. Nina fundi mbaya tu." Akaniachia, akamwambia Bi Trudy afanye zote upya, klabu itarudi mwezi ujao, na vifaa vyake haviuzwi, hata tochi.

Kiti amepewa Lupe. Mimi nimerudishwa kwenye mitungi, na msumari umetupwa kichakani na Bi Trudy mwenyewe. Kwa mwanamke wa umri wake ana mkono wa kurusha.

Jumanne, 12 Machi

Nimeyatafakari yote kwa utulivu nikiwa chini ya mitungi, na naona watu hawa hawajui kupiga hesabu ya mambo.

Mzee wa Valdosta alikuja na moyo ambao hakuwahi kuupima. Ameondoka anajua ni mzima. Nani amempa? Daktari gani angemfanyia hivyo kwa siku mbili tu, na akacheka? Mwenzake ameacha kuogopa mapafu. Wa kitambi ameamua kupunguza vyakula vya mafuta, nilimsikia. Klabu nzima imetoka hapa na afya zaidi kuliko ilivyokuja. Za Lupe zilitoa hewa, basi.

Yeye Lupe si mtu mbaya. Leo aliniita kando akasema nikikaa wiki chache zaidi atanifundisha tangu mwanzo, kijiti cha plastiki, geji, kusubiri sindano, yote. Alisema kwa upole. Nilimwambia sitaki kuuchanganya mkono wangu uliokwisha kushika njia yake. Akavuta pumzi ndefu, akaipulizia dari.

Halafu Opal akapiga. Kule bondeni kwetu kikosi cha zimamoto cha kujitolea kimepungukiwa. Barakoa zao za kuingilia kwenye moshi, zile za mitungi ya mgongoni, zinataka sevisi, na aliyekuwa akizifanya amehamia Ohio. Opal alikuwa kanisani akamwambia mkuu wao, Estill Hubbard, kwamba mumewe huko Florida anatengeneza vifaa vya kupumulia vya watu wa mapangoni. Estill akauliza kama niko mzuri. Opal akamjibu kwamba kuna mzee wa Georgia alinikumbatia akilia. Hilo nilikuwa nimemwambia. Mengine sikumwambia, simu ilikuwa ikikatikakatika.

Nilisikia sauti ya Estill nyuma yake ikisema, basi fundi aje. Fundi. Opal naye akarudia: fundi, wanakuuliza lini.

Nimemuaga Bi Trudy. Amenipa mkono kwa nguvu, na nadhani kwa majuto, maana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nafika nyumbani Ijumaa, tarehe 15, kabla ya chakula cha jioni. Wapange barakoa zote kwenye meza ndefu ya kituo. Jumamosi asubuhi naanza, na mpaka mchana zote zitakuwa kimya.